Kabla Hujatoa Mkono: Historia ya Aikido kwa Anayetaka Kuanza

Kila nikienda nyumbani Fort Ternan, kuna mtu ananiuliza kuhusu Aikido. Mwaka huu alikuwa binamu yangu, anayeendesha boda kati ya stesheni na Koru. Swali lake lilikuwa fupi: "Hiyo kitu itanisaidia usiku nikivamiwa?" Dada yake akauliza lingine: "Ni kweli huwa mnainamia picha?" Na mama yao, mtu wa kanisa tangu utotoni, alitaka kujua kama mtu anaweza kuvunjika shingo. Maswali matatu, yote ya maana, na hakuna hata moja linalojibiwa na zile video fupi za wazee wa Kijapani wanaorusha watu bila hata kuwagusa.

Nimefanya mazoezi haya Nairobi kwa miaka saba. Sina cheo cha kujivunia. Lakini mimi ni mpenzi wa historia, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba majibu ya maswali hayo matatu yako huko nyuma, kwenye maisha ya watu walioanzisha sanaa hii na kwenye yale tuliyopitia sisi. Kwa hivyo kama unafikiria kujiunga na dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, soma hii kwanza. Sare utanunua baadaye.

Mshiko wa kwanza

Siku yako ya kwanza, mwenzako atakushika kifundo cha mkono. Basi. Hakuna ngumi, hakuna teke. Anakushika, wewe unageuka, unasogea ubavuni mwake, nguvu aliyokuja nayo inapita, naye anakwenda chini. Halafu mnabadilishana: wewe unashika, yeye anageuka. Mtarudia hivyo mpaka mchoke, na wiki ijayo mtarudia tena.

Mgeni akitazama anasema: kwani siku hizi nani humshika mtu hivyo? Ni swali zuri. Mshiko huo unatoka enzi za upanga. Ukitaka adui asichomoe upanga wake, unamkamata mkono kabla haujafika kwenye mpini. Aliyeshikwa naye lazima aukomboe mkono huo haraka, maana mkono uliofungwa ni maisha yaliyofungwa. Ndiyo sababu mienendo mingi ya Aikido, hata ile ya mikono mitupu, ukiitazama vizuri ni ya mtu anayekata kwa upanga. Hata ukimtupa mwenzako bila silaha yoyote, mikono yako inashuka mbele ya kifua chako kama iliyoshika mpini.

Kwa hivyo jambo la kwanza la kujua ni kwamba mkono unaopewa pale dojo si mchezo. Una historia. Na sisi wa Fort Ternan hatuhitaji kwenda Japani kufundishwa kwamba mkono unaweza kuwa na historia.

Mkono wa 1905

Wasomi wengi wanaijua Fort Ternan kwa mifupa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Louis Leakey alichimba hapa, kwenye shamba la mzungu aliyeitwa Fred Wicker, akapata mabaki ya nyani wa kale wa karibu miaka milioni 14, aliyepewa jina la Kenyapithecus wickeri. Lakini jina la mahali lenyewe ni la kijeshi. Fort ni ngome, na Ternan ni Trevor Ternan, afisa wa jeshi la Uingereza aliyekaimu ukamishna wa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1890. Reli ilipita hapa ikielekea Kisumu, ilikofika Desemba 1901. Ngome na reli vilikwenda pamoja, kwa sababu wenyeji hawakuwa wamekubali.

Waliopinga kwa nguvu zaidi walikuwa Wanandi, ndugu zetu Kipsigis, wakiongozwa na Orkoiyot Koitalel arap Samoei. Kwa zaidi ya miaka 10 walipigana na Waingereza, wakishambulia misafara, wakichukua nyaya za simu na vyuma vya reli. Tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel aliitwa kwenye mkutano wa amani na afisa mmoja wa King's African Rifles, Richard Meinertzhagen. Hakurudi. Alipigwa risasi palepale, pamoja na watu aliokuja nao. Simulizi za Wanandi zinasema alikuwa amenyoosha mkono kusalimia. Meinertzhagen alijitetea kwamba alikuwa akiuwahi mtego aliotegewa yeye. Uchunguzi ulimwondolea lawama, lakini mwaka uliofuata aliondolewa Kenya. Fimbo za Koitalel zilikaa Uingereza miaka 100 kabla ya kurudishwa nyumbani, mwaka 2006.

Naanza na habari hii kwa sababu ndiyo inayoonyesha shida ambayo Aikido inajaribu kuishughulikia. Ukimpa mtu mkono, umempa nafasi ya kukuumiza. Salamu zetu zote zimejengwa juu ya hatari hiyo. Ndiyo maana ukiwa Mkenya huwezi kusikia neno "handisheki" bila kufikiria siasa: Kibaki na Raila mwaka 2008, Uhuru na Raila mwaka 2018. Tunajua kwamba mkono ukitolewa kuna kitu kikubwa kinawekwa mezani, na tunajua pia unaweza kutolewa kwa hila.

Mlowezi wa Hokkaido

Mwaka huohuo wa 1905, mbali sana na Nandi, kijana wa miaka 21 anayeitwa Morihei Ueshiba alikuwa askari wa Japani katika vita dhidi ya Urusi. Alizaliwa Desemba 1883 katika mji wa Tanabe. Alikuwa mfupi, na wanaosimulia maisha yake wanasema jeshi lilimkataa mwanzoni kwa sababu ya kimo, akaenda kujining'iniza mitini akiwa amefungwa uzito miguuni ili arefuke kidogo. Ikiwa ni kweli au ni chumvi ya wanafunzi wake, picha inayobaki ni ileile: hakuwa mtu aliyeikimbia vita. Aliitafuta.

Mwaka 1912 aliongoza kundi la familia kadhaa kutoka kwao kwenda kuishi Shirataki, kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Vitabu vya Aikido huisimulia sehemu hii kama hadithi ya ujasiri: baridi kali, msitu mnene, watu wanaong'oa visiki na kujenga kijiji. Ni kweli. Lakini mimi mtoto wa Kericho siwezi kuisoma nikaishia hapo. Hokkaido ilikuwa nchi ya Waainu. Serikali ya Japani ilikitwaa rasmi kisiwa hicho na kukipa jina jipya mwaka 1869, na mwaka 1899 ikatunga sheria iliyowataja wenyeji hao kama watu wa kulindwa na kubadilishwa wawe wakulima. Waliofika baadaye wakaita ardhi ile pori.

Unaona ninachokiona? Miaka ileile, huku kwetu, sheria ya ardhi ya mkoloni ya 1902 ilikuwa inawafungulia walowezi milima ya Kipsigis, na kufikia miaka ya 1920 kampuni kubwa za chai zilikuwa zinapanda mistari ile mizuri tunayoipiga picha leo. Mtu ambaye baadaye ataitwa baba wa sanaa ya amani alianza kama mlowezi kwenye ardhi ya wengine. Sisemi hivi ili uiache Aikido. Nasema ili usiingie dojo ukidhani unaingia hekaluni mwa malaika.

Huko Hokkaido, mwaka 1915, Ueshiba alikutana na Takeda Sokaku, mwalimu mkali wa Daito-ryu, mtindo wa zamani wa kukunja viungo na kuangusha watu. Ueshiba alikuwa na miaka 31 na nguvu kama fahali, na mzee yule mdogo wa mwili alimweza. Akawa mwanafunzi wake. Karibu kila mbinu utakayofundishwa kwenye Aikido, kuanzia ikkyo inayobana kiwiko hadi kotegaeshi inayopindua kifundo cha mkono, mizizi yake iko kwa Takeda. Zilikuwa mbinu za kuvunja. Takeda hakuwa anahubiri amani.

Dini, jeshi, na jina

Mwishoni mwa 1919, baba yake Ueshiba akiwa mahututi, alifunga safari kurudi kwao, akapitia Ayabe, makao ya dini mpya iliyoitwa Omoto. Kiongozi wake, Onisaburo Deguchi, alimvuta sana. Ueshiba alihamia huko na familia yake, na mafundisho ya Omoto kuhusu umoja wa wanadamu yakaingia ndani ya mazoezi yake. Mwaka 1925, inasimuliwa kwamba afisa mmoja wa jeshi la majini alimshambulia kwa upanga wa mbao, na Ueshiba akayakwepa mapigo yote bila kurudisha hata moja, mpaka afisa akachoka mwenyewe. Baada ya hapo, akiwa peke yake, alisema alipata ufunuo: kwamba lengo la sanaa ya vita si kumshinda mtu.

Hapa ndipo video nyingi huishia. Lakini historia iliendelea. Ueshiba alihamia Tokyo, akajenga dojo yake kubwa mwaka 1931, na miongoni mwa wanafunzi wake walikuwemo maafisa wa jeshi. Alifundisha kwenye vyuo vya kijeshi, kikiwemo Nakano, kilichoandaa majasusi. Miaka ile jeshi la Japani lilikuwa China, na tunajua lilichofanya huko. Mtu aliyepata ufunuo wa upendo mwaka 1925 aliwafundisha askari wa ufalme ule kwa miaka mingi baadaye.

Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, alijiondoa Tokyo akaenda Iwama, kijijini, akalima na kufanya mazoezi. Mwaka huohuo jina Aikido likaandikishwa rasmi. Japani iliposhindwa mwaka 1945, sanaa za vita zilipigwa marufuku mashuleni, na shirika la Aikikai liliruhusiwa kufanya kazi tena mwaka 1948. Kijana wake, Kisshomaru, ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kupanga mafundisho yaeleweke na watu wa kawaida. Kuanzia miaka ya 1950 walimu walitumwa Ufaransa, Hawaii na kwingineko. Mzee mwenyewe alifariki Aprili 1969.

Jina lenyewe lina vipande vitatu. *Ai* ni kukutana au kupatana, *ki* ni pumzi au nguvu ya uhai, *do* ni njia. Njia ya kupatana na nguvu. Maneno matamu. Lakini nakuomba uyasome pamoja na tarehe nilizokupa, kwa sababu tarehe hizo zinafundisha jambo moja ambalo ndilo kiini cha makala haya: amani ya Aikido haiko kwenye mbinu. Mbinu zilezile zilifundishwa kwa majasusi. Amani, kama ipo, iko kwenye makubaliano kati ya watu wawili waliosimama kwenye mkeka, na inabidi ifanywe upya kila mara.

Risasi na maji

Utakutana na hadithi. Moja maarufu ni kwamba Ueshiba aliwahi kusimama mbele ya askari wenye bunduki, wakapiga, risasi zikamkosa wote. Aliyeisimulia alikuwa mwanafunzi wake mkubwa, Gozo Shioda, mtu aliyeheshimika, si mropokaji wa mtaani.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna jibu la hadithi hiyo, na limeandikwa kwa damu. Tena mwaka uleule, 1905. Kule kusini mwa Tanganyika, Kinjikitile Ngwale aliwaambia watu kwamba maji yake yatageuza risasi za Wajerumani. Maji Maji iliwaunganisha watu wa makabila mengi dhidi ya dhuluma, na kwa hilo tunaiheshimu hadi leo. Lakini risasi hazikugeuka. Kinjikitile alinyongwa Agosti 1905, na waliokufa kwa vita na njaa iliyofuata walikuwa maelfu kwa maelfu.

Kwa hivyo binamu yangu nilimjibu hivi. Usiku, kwenye kona za kuteremkia Koru, wakitokea watu wawili na panga, wape pikipiki. Aikido haikuandaliwi kwa hilo, si kwa mwaka mmoja, na mwalimu anayekuahidi vinginevyo anakuuzia maji. Mazoezi yetu yanaendeshwa kwa mshambuliaji aliyekubali kushambulia kwa namna fulani, kwa kasi fulani. Mwizi hajakubali chochote.

Kuna kitu kimoja tu ambacho mwendesha boda atakipata mapema, nacho ni kuanguka.

Kuanguka

Methali inasema kuteleza si kuanguka. Kwenye Aikido kuanguka ndilo somo. Anayeangushwa anaitwa *uke*, na najua neno hilo linamaanisha nini kwa Kiswahili, kwa hivyo ukiambiwa "leo wewe ni uke" cheka mara moja, malizana nalo, tuendelee. Kwa Kijapani linatokana na kitenzi cha kupokea. Uke ni mpokeaji. Ukemi, yaani namna ya kuanguka, ni kupokea kwa mwili.

Miezi yako ya kwanza utajifunza kubingirika mbele na nyuma, kidevu kimekunjwa kifuani, mkono ukiwa duara, uzito ukipita kutoka bega moja hadi nyonga ya upande wa pili. Wengine hukata tamaa hapa, hasa wanaume waliokuja kutupa watu. Wanaona ni aibu kuanguka mara 50 kwa jioni moja. Lakini nusu ya Aikido ni hiyo. Kila unapofanya mbinu, kuna mtu amekukopesha mwili wake. Kisha wewe unamkopesha wako. Hakuna anayebaki na deni.

Mtu aliyezoea kubingirika hawi na mikono iliyokakamaa akianguka, hivyo anapunguza nafasi ya kuvunja kiwiko. Lakini lami si mkeka, na nilimwambia binamu vilevile: helmeti kwanza, Aikido baadaye.

Sasa swali la shangazi kuhusu shingo. Ndiyo, mtu anaweza kuumia. Magoti, mabega na vifundo vya mikono ndivyo vinavyolalamika mara nyingi. Na kuna mbinu iitwayo shihonage, ya kumwangusha mtu chali mkono wake ukiwa umekunjwa nyuma ya bega, ambayo kwenye klabu za vyuo vikuu vya Japani imewahi kusababisha majeraha mabaya ya kichwa. Mara nyingi shida ni mkubwa kumtupa mwanafunzi mpya kwa nguvu kabla hajajua kuanguka. Kwa hivyo unapotafuta dojo, usitazame mwalimu anavyorusha watu. Tazama wanaorushwa. Wanainuka wakitabasamu au wakishika mabega? Mgeni anapewa mwendo wa pole? Mwalimu anauliza kama una goti bovu, kama ulishawahi kufanyiwa upasuaji, kama una mimba? Asipouliza, mwambie mwenyewe, na akikudharau, ondoka.

Kuinama

Binti ya shangazi aliuliza kuhusu picha. Mbele ya dojo nyingi kuna picha ya Ueshiba, na mwanzo na mwisho wa kipindi watu huinama kuielekea. Kisha huinamiana. Kwa familia zetu za Kericho na Bomet, ambako kanisa ni la asubuhi hadi jioni, hili si jambo dogo, na simcheki mtu anayelihofia.

Historia inasema wazi kwamba Ueshiba alikuwa mtu wa dini, na mengi aliyoyasema yalikuwa ya imani yake. Hilo lisifichwe. Lakini Wajapani huinama wakisalimiana dukani, ofisini, hata kwenye simu. Pale dojo unaombwa kuheshimu, huombwi kuabudu. Mimi nilipokuwa mdogo, Kogo, bibi yangu, alinifundisha kumwinamishia mzee kichwa ili aniguse utosini kabla hajasema *chamge*. Hakuna aliyedhani namwabudu mzee. Nilikuwa nasema kwa mwili: nakujua, nami najijua ni nani mbele yako. Ndivyo ninavyoinama pale. Wewe ukiona dhamiri yako haikubali, mwulize mwalimu kabla ya kuanza, mkiwa wawili, kwa adabu. Jibu lake litakuambia mengi kumhusu.

Mambo madogo ambayo si madogo

Usinunue sare siku ya kwanza. Traki na tisheti ya mikono mirefu zinatosha. Ile sketi pana nyeusi, hakama, dojo nyingi huiachia walio na mkanda mweusi. Kata kucha. Toa pete, hereni na saa. Osha miguu.

Usitarajie mashindano. Kenji Tomiki, aliyefundishwa na Ueshiba na pia na Jigoro Kano wa judo, alianzisha Aikido yenye mashindano, na ipo hadi leo. Lakini kwenye Aikikai, tawi kubwa kuliko yote, hakuna medali. Ukitaka kuiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki, nenda taekwondo au judo, na hutakosea. Hapa unapanda madaraja ya *kyu*, ukihesabu kushuka hadi ya kwanza, ndipo ufike *dan*, mkanda mweusi. Ni kazi ya miaka. Na mkanda mweusi wenyewe, daraja la kwanza, maana yake ni kwamba sasa umejua kusimama na kuanguka, tuanze.

Uliza mwalimu cheo chake kilitoka wapi na nani alimfundisha. Si utovu wa nidhamu. Kwenye sanaa hii kila mtu ana mnyororo wa walimu, na anayejua wake hukujibu bila kukunja uso.

Na kubwa kuliko yote: jifunze kugonga. Mwenzako akikubana kiungo mpaka ukahisi mwisho umefika, unagonga mkeka au mwili wako kwa kiganja, mara mbili. Pa, pa. Naye anaachia. Hapohapo. Hakuna "subiri kidogo", hakuna "vumilia, wewe si mwanaume?" Asiyeachia hafai kuwa kwenye mkeka ule, hata akiwa na mkanda mweusi uliochakaa.

Kuachia

Nimefikiria sana kwa nini mtu wa kwetu ajisumbue na jambo la Wajapani. Nadhani ni kwa sababu ya hiyo pa, pa.

Januari 2008 nchi ilipowaka, sehemu zetu za Kipkelion zilikuwa kati ya zilizoungua vibaya. Watu waliokuwa wakiombana chumvi walifukuzana. Watawa wa abasia ya Trapisti ya Lumbwa waliwapokea waliokimbia, na mwaka huohuo jumuiya yenyewe ikahamia Uganda baada ya kukaa hapa tangu miaka ya 1950. Wakati ule hakukuwa na upungufu wa mikono yenye nguvu. Kilichokosekana ni mtu mwenye nguvu anayesikia "imetosha" kutoka kwa aliye chini yake, na anaachia.

Sidanganyi kwamba Aikido ingezuia yale. Aikido haikuizuia Japani. Nimekuonyesha kwamba mwanzilishi mwenyewe aliishi na mambo mawili yanayogombana: maneno ya upendo mdomoni na askari darasani. Sanaa haimbadilishi mtu kwa kumvalisha nguo nyeupe.

Lakini kuna zoezi ndani yake ambalo sijaliona kwingine kwa namna ile. Jioni moja unaweza kushikwa na watu 10: karani, mwanafunzi, fundi wa magari, mama wa watoto wanne, kabila zote. Kila mmoja anakupa mkono wake ukiwa na uwezo wa kuuvunja, anagonga, unaachia. Kisha unampa wako, unagonga, anaachia. Koitalel alinyimwa hilo. Mwili wako utajifunza, polepole, kwamba kuwa na nguvu juu ya mtu na kumwachia ni tendo moja, na kwamba tendo hilo halina uhakika wowote isipokuwa neno lenu ninyi wawili.

Hilo ndilo unalopaswa kujua kabla ya kuanza. Hujiungi na watu wa amani. Unajiunga na watu wanaofanya mazoezi ya kuachia, na wengine hawajayaweza bado. Kata kucha, fika dakika 10 mapema, na ukibanwa, gonga mara mbili.